Mgeni wa Tawini na Mwanga Wake



Katika misitu inayofuata mito ya kusini mwa Maniema, tangu bonde la Luama kule Kabambare hadi mashamba yanayozunguka Kasongo, iko mimea ambayo haijagusa udongo tangu siku ya kuota kwake. Hukaa juu ya matawi ya miti mikubwa, hunywa mvua na umande, na hupata madini yake katika vumbi na majani makavu yanayonasa kwenye mizizi. Wataalamu huiita epifiti. Sisi tutaiita mimea ya hewani. Kila mwaka, miti inapoangushwa kwa ajili ya mashamba mapya, vijana wetu huokota mimea hiyo katika matawi yaliyoanguka kabla moto haujapita, wakaileta nyumbani au katika kikanisa cha shirika lao. Tendo hilo ni jema, kwa maana huokoa kiumbe ambacho kingeteketea bure.

Lakini baada ya miezi kadhaa wengi huja kutuuliza swali moja: “Mwalimu, tumeimwagilia maji kila siku, tumeiweka pazuri karibu na sanamu ya Bikira Maria, mbona inakufa?” Jibu ni fupi: inakufa kwa njaa, na njaa yake ni njaa ya mwanga. Tungependa kulieleza jibu hilo kwa utaratibu, kama tulivyofundishwa kueleza somo darasani, kisha tuseme juu ya njaa nyingine inayofanana nayo, iliyomo katika nyumba zetu.

Kwanza tujiulize kwa nini mimea hii ilipanda juu. Mtu akisimama chini ya msitu mnene saa sita mchana, anakaa katika kivuli kizito, kwa kuwa katika kila sehemu mia za mwanga unaofika kileleni, ni sehemu moja au mbili tu zinazofika chini. Miti mikubwa huutafuta mwanga kwa kujenga shina muda wa miaka mingi sana. Mmea wa hewani hauna shina la namna hiyo. Mbegu ya okidi ni nyepesi kama vumbi, huchukuliwa na upepo hadi ikatua katika ufa wa gome. Mbegu nyingine huletwa na ndege. Basi mmea huo mdogo hukaa juu ya tawi, mahali ambapo mwanga unafika. Haukupanda kwa majivuno. Ulipanda kwa sababu chakula chake kiko huko.

Tunasema chakula kwa maana yake halisi. Maji si chakula cha mmea, na mbolea pia si chakula chake kwa ukamilifu. Chakula cha mmea ni sukari, na sukari hiyo jani hujipikia lenyewe kwa maji na hewa, na mwanga ndio moto wa jiko lake. Mama akiwa na unga na maji bila moto, watoto watalala na njaa. Hivyo ndivyo ulivyo mmea tunaoumwagilia kila siku katika pembe yenye giza. Zaidi ya hayo, pasipo mwanga na hewa ya kutosha maji hukawia kukauka, na mizizi iliyozoea kukauka upesi baada ya mvua huoza. Wengi hudhani ni kiu, wakaongeza maji, na kwa wema wao wakauharakisha mwisho wake.

Katika nchi yetu tunakutana na mimea hii kwa aina nyingi. Iko okidi iitwayo Ansellia africana, yenye maua ya manjano yaliyotiwa madoa ya kahawia kama ngozi ya chui. Baadhi ya mizizi yake husimama wima kama miiba na kufanya kikapu kinachodaka majani makavu. Hiyo hupenda mwanga mwingi. Yako makangaga yaitwayo Platycerium, yenye majani ya aina mbili: mengine mapana yanayolikumbatia tawi kama ngao, na mengine yanayoning’inia. Iko Rhipsalis baccifera, inayoteremka kama kamba za kijani, nayo ni kakti. Katika jamii yote ya kakti, ambayo asili yake ni Amerika, ni hiyo peke yake inayoota kwa asili katika Afrika. Na hata asiyeingia msituni aweza kuitazama michikichi yetu: katika mabaki ya makuti yaliyokatwa zamani, makangaga madogo yamejipatia makao.

Mimea ya hewani inayouzwa katika miji mikubwa ya ulimwengu, iitwayo Tillandsia, haimo katika misitu yetu. Asili yake ni Amerika. Hata hivyo ina ndugu tunayemjua sana, yaani nanasi, kwa kuwa zote mbili ni za ukoo mmoja. Nanasi, Tillandsia nyingi na okidi nyingi zina desturi ya ajabu. Mimea mingi hufungua vinyweleo vya majani mchana ili kuvuta hewa. Hii hufungua vyake usiku, wakati wa baridi, ili isipoteze maji, ikaiweka akiba ile hewa hadi asubuhi. Jua likichomoza, hufunga milango yake na kuanza kupika ilichokusanya gizani. Hupokea usiku, hufanya kazi mchana. Lakini mchana wake ukiwa hafifu, akiba ya usiku haina faida.

Si mimea yote inayohitaji mwanga kwa kiasi kimoja, na jani lenyewe hutufundisha. Jani gumu, nene au la kijivu kwa kawaida ni la mmea uliozoea kilele cha mti, palipo na jua kali. Jani laini, jembamba, la kijani kilichoiva, ni la mmea uliozoea matawi ya chini, ambako mwanga huchujwa. Mizizi nayo isisahauliwe. Mzizi wa okidi umevikwa ganda jeupe kama sifongo. Ukilowa maji, huonekana wa kijani, kwa sababu ndani yake mna rangi ile ile ya majani, nayo pia hufanya kazi ya kupika. Ziko hata okidi za Afrika zisizo na majani kabisa, zinazoishi kwa mizizi yao ya kijani peke yake. Kwa hiyo anayeifunga mizizi ya okidi katika kitambaa kizito ili ipendeze, ameifumba macho.

Hapa ndipo macho yetu wenyewe yanapotudanganya. Mwanga hupimwa kwa kipimo kiitwacho luksi. Uwanjani, saa sita ya siku isiyo na mawingu, tunapata luksi kama 100,000. Ndani ya nyumba ya matofali yenye dirisha dogo, hatua chache kutoka dirishani, huenda tusipate hata 500. Tofauti hiyo ni ya mara mia mbili, lakini tukiingia ndani hatuioni kuwa kubwa kiasi hicho, kwa sababu Mungu ameliumba jicho lijizoeze: mboni hupanuka, na baada ya dakika chache tunasema chumba kina mwanga wa kutosha. Ni kweli, kinatutosha sisi kuonana na kuzungumza. Jani halina mboni ya kupanua. Taa ya sola tunayosomea usiku hutosha herufi za kitabu, lakini haitoshi jani.

Kwa hiyo tusipime kwa macho, tupime kwa kivuli. Saa sita mchana, weka karatasi nyeupe mahali unapotaka kuuweka mmea, unyoshe mkono juu yake, kiasi cha sentimita 30. Kivuli kikiwa na ukingo mkali, kila kidole kikibainika, mwanga ni mwingi: Ansellia itafurahi, lakini kangaga laini laweza kuungua. Kivuli kikiwa hafifu, ila bado watambua kwamba ni mkono, mahali hapo pafaa kwa mimea mingi ya hewani. Pasipo na kivuli, hapo ni mahali pa watu kulala, si mahali pa mmea kuishi.

Tukumbuke pia mwendo wa jua letu. Kasongo na Kabambare ziko kati ya nyuzi 4 na 5 kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua la saa sita hupita karibu sawasawa juu ya vichwa vyetu. Kati ya Machi na Oktoba hupita upande wa kaskazini, na katika miezi mingine upande wa kusini. Dirisha lililopata jua wakati wa kiangazi cha Juni laweza kuwa kivulini wakati wa mvua za Desemba. Dirisha la mashariki lina jua la asubuhi mwaka mzima, nalo ni jua la upole. La magharibi hupata jua la alasiri, lililo kali zaidi. Mahali panapofaa kuliko pote katika nyumba zetu ni barazani, chini ya ukingo wa paa, upande wa mashariki. Anayetaka kuuweka mmea ndani na auweke karibu na dirisha, na ukuta wa pembeni aupake chokaa au udongo mweupe ili urudishe mwanga. Mmea uliotoka kivulini usitolewe juani kwa siku moja. Usogezwe kidogo kidogo, muda wa majuma mawili au matatu. Na kikanisa kisicho na madirisha ya kutosha kiazime mmea kwa ajili ya sikukuu tu, tuseme sikukuu ya Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake tarehe 3 Juni, kisha kiurudishe barazani.

Sasa tuje kwenye njaa ile nyingine.

Katika mkutano mmoja wa vijana tulikuwa tumeweka mezani tawi lenye okidi, tukieleza haya tuliyoyaandika. Binti mmoja aliinua mkono. Ni mmoja wa wale waliotoka vijiji vya Kabambare pamoja na jamaa zao, wakikimbia makundi yenye silaha, na sasa anakaa Kasongo katika nyumba ya shangazi ya mama yake. Alisema kwa sauti ndogo: “Mwalimu, huu si ndio kimelea? Mimi nyumbani ndivyo wanavyoniita.” Vijana wengine walicheka, kisha wakanyamaza.

Hatukumjibu kwa maneno ya faraja. Tulimwambia: “Mwanangu, njoo utazame mwenyewe.” Akaja, akachukua kisu, akainua mzizi mmoja polepole. Mzizi ulibanduka juu ya gome kama gundi iliyokauka. Chini yake gome lilikuwa zima. Hapakuwa na tundu wala jeraha. Kisha tukachukua kijiti cha mwembe kilichoshikwa na kimelea halisi, kile kinachoota juu ya miembe, tukakipasua. Pale palikuwa na tofauti iliyo wazi: mzizi ulikuwa umeingia ndani ya tawi na kuungana na mbao yake, ukinyonya maji ya mti. Binti alivitazama vyote viwili kwa muda mrefu. Akasema: “Huu hauchukui kitu cha mti. Umekaa tu.” Tukasema ndivyo. Mmea wa hewani umeomba mahali pa kukaa. Chakula unajipikia, mradi upate mwanga.

Haki yatudai kusema kwamba si kila mgeni wa tawini asiye na lawama. Iko miti ya jamii ya mkuyu inayoanza maisha juu ya tawi, ikiwa midogo na mizuri. Kisha huteremsha mizizi hadi ardhini, ikauzunguka mti uliowapokea, na baada ya miaka mingi ikaunyima mwanga na nafasi hata ukafa. Kwa hiyo hatuwafundishi kwamba wageni wote ni wema na wenyeji wote ni wabaya. Tunawafundisha kutazama pale mzizi unapogusa gome kabla ya kutoa jina. Neno “kimelea” ni hukumu, na hukumu yadai ushahidi.

Baada ya mkutano ule, mama wawili wa shirika pamoja nasi tulikwenda kumwamkia shangazi yule. Hatukwenda kumlaumu. Katika nyumba ya vyumba viwili alikuwa akilisha watu tisa kwa kilimo cha mpunga na mihogo, na hakuna aliyemwomba ruhusa kabla ya kumletea wageni. Alikuwa amefanya jambo kubwa: alifungua mlango, akatandika mkeka, akagawa sahani. Alisema kwa uchungu: “Nimempa mahali, walimu. Ni nini tena?” Nasi tuliona jinsi binti yule alivyoishi. Aliamka wa kwanza, akateka maji, akapika, akafua. Hakuwa akienda shuleni, hakuja mazoezini kwa kwaya, na watu walipoketi barazani jioni kuzungumza, yeye alikuwa jikoni. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemnyima chakula. Alikuwa amepewa pembe, akamwagiliwa maji kila siku, wala hakuwa na dirisha.

Ndugu zetu, hilo ndilo neno tunalotaka mlichukue: kumpa mtu mahali pa kukaa si sawa na kumpa mwanga. Mahali pa kukaa huzuia kifo cha leo. Mwanga ni shule, ni Neno la Mungu, ni kazi inayomjenga na si kazi inayommaliza, ni kuulizwa “wewe waonaje?”, ni kuitwa kwa jina lake la ubatizo na si kwa jina la dharau. Anayekosa hayo hafi mara moja. Huwa kama okidi gizani: majani hurefuka, huwa ya kijani kilichokoza na legevu, na mpita njia husema, “tazama jinsi ulivyostawi.” Lakini hautoi ua. Na jicho letu, lililozoea chumba, husema mwanga unatosha.

Injili yaijua hali hii. Bwana wetu alifundisha kwamba hakuna awashaye taa kisha akaifunika kwa chombo. Huiweka juu ili iwaangaze wote waliomo nyumbani. Tumezoea kulisoma fundisho hilo tukijifikiria kuwa sisi ndio taa. Tulisome pia kwa upande wa waliomo nyumbani. Bwana alisema wote. Nyumba ambayo mwanga wake huishia kwa watoto wa kuzaliwa, na kumwacha mtoto wa kupokewa katika kivuli cha jikoni, bado haijaiweka taa yake mahali pake. Tukumbuke pia nyumba ya Betania. Maria aliketi miguuni pa Yesu kusikiliza, na dada yake Marta, aliyelemewa na kazi, aliomba ainuliwe aende kumsaidia. Bwana hakuidharau kazi ya Marta, ambayo bila shaka ilikuwa ya upendo. Lakini alilinda nafasi ya Maria pale alipoketi. Kwa nini nasi tusilinde saa mbili tu za binti kama huyu?

Na hivyo ndivyo tulivyoomba kwa shangazi: saa mbili, siku mbili kwa juma. Mama wale wa shirika walijitolea kupokezana kuteka maji katika nyumba ile siku hizo. Shangazi alifikiri, akasema, “Tujaribu.” Sasa binti huja Jumatano kwa masomo ya kusoma na kuandika, na Jumamosi kwa kwaya. Shuleni bado hajarudi. Ada haijapatikana, na hatutaki kuwadanganya kwamba mambo yamekwisha kunyooka. Tumesogeza mmea hatua moja kuelekea dirishani. Inatupasa kuendelea kuusogeza.

Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato si’ wa mwaka 2015, ameiita dunia nyumba yetu ya pamoja, akafundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitenganiki. Sisi tunaoishi hapa tunaliona fundisho hilo bila kusafiri mbali: mti unaoangushwa hupoteza wageni wake, na kijiji kinachokimbiwa hutawanya watoto wake, na wote wawili wanaishia katika nyumba zetu, wakitegemea tuwaweke wapi.

Kwa ajili ya mkutano wenu ujao, tunawaomba mfanye mambo mawili. La kwanza, kila aliye na mmea wa hewani nyumbani aupime kwa kivuli cha mkono saa sita mchana, na kama hakuna kivuli, auhamishe siku hiyo hiyo. La pili ni gumu zaidi. Kila kikundi kihesabu, katika shirika lake, vijana wanaokaa katika nyumba zisizo za wazazi wao. Msiulize kwanza kama wanakula. Ulizeni: Yupo anayesoma? Yupo anayekuja kuimba? Yupo ambaye jina lake hatulijui ingawa tunamwona kila siku akipita na ndoo? Kisha mwende kwa mwenyeji wake kwa heshima, mikono ikiwa tayari kushika ndoo hiyo, kwa maana anayeomba mwanga kwa ajili ya mwingine sharti akubali kubeba sehemu ya mzigo.

Mungu, aliyesema mwanga uwe kabla ya kuumba jani lolote, awajalie macho yasiyozoea giza la wenzenu. Amina.